Udongo wa Kuvumilia Majirani

Nesi haongei kama watu wengine. Yeye anakata maneno kama mtu anakatakata sukuma wiki, kisu haisimami. Wacha nimfanye umsikie. Unasimama wima, kidevu juu, mikono nyuma ya mgongo, halafu unasema hivi: "Wewe. Kaa. Ulimi. Toa. Rudisha. Jana ulikula nini? Usinidanganye, naiona hapo nyuma ya meno." Basi, mwanaume na ndevu zake anakuwa mtoto wa kliniki. Mimi nimeona wapakiaji wa Gikomba, watu wa kubeba gunia mbili mgongoni huku wanacheka, wakiambiwa fungua mdomo wanafungua kama vifaranga.

Jina alikuwa nalo. Siku moja moja kanisani ulisikia likitajwa, watu wanageuka kutafuta ni nani huyo. Lakini kwa mstari wetu wa nyumba pale mtaa wa Ziwani alikuwa Nesi tu, na hata mumewe, Mungu amlaze, alikuwa anamwita hivyo hivyo: "Nesi, chai iko?" Tulipojuana alikuwa ameshastaafu. Kustaafu yenyewe ilikuwa ya serikali. Yeye mwenyewe hakuambiwa.

Mlango yake na yangu zilitazamana. Katikati ilikuwa mfereji wa maji, bomba moja ya mstari wote. Kwa hivyo mimi sikuhitaji redio. Asubuhi nafungua dirisha, namwona anamshika mtoto wa shule kucha, anamrudisha nyumbani akanawe. Jioni namwona amemkamata mzee ametoka kulewa busaa: "Nipulizie. Mm. Kesho uje na mkeo." Mimi naye hakunipenda vile napenda kuiga watu. Aliniita Kasuku.

"Kasuku, leo unamwiga nani?"

"Wewe."

"Mimi siongei hivyo."

"Mimi siongei hivyo," namrudishia, na kidevu juu.

Anaingia ndani, anafunga mlango. Halafu unamsikia huko ndani anacheka na sufuria.

Ukimpa Nesi mkono ujue umejipeleka. Unadhani ni salamu, kumbe vidole viwili vinateleza pole pole mpaka hapa kwa mshipa, na macho yake yanashuka kwa saa. Saa yenyewe hakuvaa mkononi. Aliibandika kifuani na pini, kichwa chini miguu juu, isomwe na yeye peke yake. Siku moja ibada imeisha, pasta amesimama mlangoni anasalimia waumini, Nesi akamshika mkono akakataa kuuachilia. Foleni imejaa nyuma. Pasta anatabasamu, jasho inamtoka. Nesi akamwambia, na si kwa kunong'ona: "Pasta, moyo yako inakimbia. Nani anakufukuza?" Wiki iliyofuata pasta akahubiri juu ya kupumzika.

Na usifikirie alikuwa malaika. Sisi sote alitukataza sukari. Alinisimamia jikoni kwangu akanionyesha kijiko, "hii, na isijae." Nenda kwake sasa. Chai yake ungesimamisha kijiko katikati na ingesimama. Ukimwangalia anasema, "Kwangu ni dawa. Nafanya kazi ya kichwa." Na kuna ile siku ya chanjo, walikuja na meza zao kwa uwanja. Nesi ndiye alitupanga, wazee mbele, akina mama na watoto pale, usisukumane, kunja mkono ya shati. Mimi nilikuwa nyuma kabisa. Ikafika zamu yake yeye, akakosekana. Tulimtafuta, tukamwona mlango ya choo cha kanisa imefungwa kwa ndani.

"Nesi, toka."

"Niko na tumbo."

"Tumbo ilianza lini?"

"Sasa hivi."

Miaka yote hiyo ya kudunga watu, na yeye anaogopa sindano. Tulimtoa watu wawili. Akadungwa macho yamefungwa, amenishika mkono mpaka pete ikaniingia. Nilimwambia, "Nesi, moyo yako inakimbia." Hakunisemesha mpaka Jumapili.

Sasa nikwambie juu ya kiazi.

Kwao ni huko magharibi, pembeni ya msitu. Msitu yenyewe, si miti miwili mitatu. Nyani wanaingia jikoni wanachagua. Nyuma ya jiko la mama yake, chini ya kivuli, kulikuwa na mmea hakuna mtu aliupanda. Unatoka kwa kiazi iko chini ya ardhi, na unatoa jani moja tu. Moja. Shina yake iko na madoadoa, ukiiona mara ya kwanza unaruka, unasema nyoka. Halafu juu linafunguka jani pana limekatikakatika, kama mwavuli ya mtu mwenye heshima. Likikaa miezi yake linaanguka, kiazi inalala, na unabaki unaangalia udongo mtupu kama mjinga. Mama yake aliipenda hiyo kitu. Alikuwa akiamka anaisalimia kabla ya wanawe.

Mama akafa. Nesi akaenda kuzika, akarudi na mfuko, ndani ya mfuko kiazi moja imefungwa na leso ya marehemu. Jani lake bado limesimama, limefungwa kwa kijiti lisivunjike njiani. Huko nyuma ndugu zake wakagawana shamba, mmoja akauza, wa pili akaona mwenzake ameuza akauza. Aliyenunua akang'oa miti yote akapanda miwa mpaka mahali jiko lilikuwa. Nesi alienda mara moja kuangalia. Aliporudi alikaa kwa stuli yangu, hakunipima mshipa wala nini.

"Nilikosa mahali pa kusimama," akaniambia. "Miwa. Kila mahali miwa. Kwa kaburi ya mama wameacha kipande kama ya kuegesha baiskeli."

Mimi nikamwekea chai, sukari ya kusimamisha kijiko.

"Kasuku, hiyo kiazi ndio nyumba yetu imebaki. Ikioza, mimi nitakuwa mtu wa Ziwani tu."

Hivyo ndivyo tulijua. Na mstari wote ukajua, kwa sababu nilijua mimi.

Mwaka mmoja ilitoa ua. Ua linatoka kabla ya jani, refu, rangi ya damu imekauka, na harufu yake, ee Mungu wangu. Hatukujua ni ua. Baba Kevo, huyu jirani wa nyumba ya mwisho, alikuwa anafanya kazi kiwanda cha sabuni na sauti yake imekwaruzwa na dawa za huko, alianza kutoa makabati nje: "Iko panya imekufa. Naisikia. Iko panya hapa." Mama Fardosa naye, aliyekuwa na duka la vitambaa Eastleigh, akafukiza ubani nyumba nzima, akafukiza na korido, akanifukiza na mimi. Tukainua mabati. Tukafungua mtaro. Nesi alikuwa amekaa pale mlangoni kwake na chai yake anatuangalia. Jioni ndio akasema, "Ni mgonjwa wangu amevaa," akanyooshea ua la kiazi kidole. Baba Kevo alibaki ameshika fagio. "Nesi. Nimetoa kitanda nje."

Basi. Sasa maji.

Maji ya Ziwani ilikuwa na siku zake, na hata hiyo siku haikusema itakuja saa ngapi. Mfereji ungeanza kukohoa, "kho, kho, fyuuu," mtu wa kwanza kusikia anapiga kelele "Maji!" na milango yote inafunguka. Mitungi, beseni, sufuria, ndoo ya mtoto. Na kuna desturi, sijui nani aliianza: ukisuuza mtungi, ile maji ya kusuuza haimwagwi chini. Ni dhambi, maji ilivyo na taabu. Unampa mtu mwenye maua. Na kwa mstari wetu maua ilikuwa moja, mlangoni kwa Nesi, hatua chache kutoka kwa mfereji.

Kwa hivyo siku ya maji kila mtu alipita hapo. Mama Fardosa na beseni yake, anainama, "Bismillahi, kunywa habibi yangu, kunywa." Baba Kevo na mtungi, "Mgonjwa, sasa? Shika hii." Wasichana wa nyumba ya kati wanamwaga huku wanaangalia simu. Mimi nakaa karibu kuliko wote, kwa hivyo mimi nilimwaga nikienda na nikirudi. Na isiwe maji tu. Majani ya chai. Maganda ya mayai. Maji ya kuosha mchele. Mtu mmoja alimwaga supu, sitamtaja, alihama.

Na Nesi anaona. Nesi huyu wa "ulimi, toa." Amesimama nyuma ya pazia anaona kila beseni, na mdomo umefungwa kabisa. Ukimaliza kumwaga, pazia inafunguka, sauti inatoka laini mpaka unaangalia ni nani: "Asante, mama. Mungu akubariki." Mimi nilidhani inapenda maji, hiyo kitu. Si ya msitu?

Udongo aliinunua alipotoka kuzika, kwa kijana wa miche, kando ya Jogoo Road. Nilikuwepo. Huyo kijana nikimfanya lazima nitafune kitu: "Mathe, angalia hii. Ona vile ni nyeusi. Hii ni ile yenyewe, mathe. Mbolea iko ndani inalia itoke. Ukipanda hata msumari, inamea." Na Nesi, mtu hakuamini hata joto la mwili mpaka alipime mwenyewe, akaamini. Unajua kwa nini? Kwao udongo mweusi ni chakula. Mtu wa kwao akiona udongo mweusi anatoa kofia. Sasa huku Eastlands weusi ni habari nyingine. Huku udongo mweusi ni ule ikinyesha unabaki na gumbuti yako, na jua likiwaka unapasuka mdomo wazi mpaka kuku anaingia. Kijana alikuwa ameuchimba mahali wanajenga. Nesi akaujaza kwa ndoo ya rangi, akaongeza mbolea ya kuku, nyingi, bado inanuka moto. Nikamuuliza kama si nyingi. "Mgonjwa ametoka safari," akasema. "Anahitaji nguvu."

Alitukataza sisi kumshindilia mgonjwa chakula, huyu.

Ikasimama kiasi. Ikatoa hilo ua la panya, ikatoa jani. Mwaka uliofuata jani likatoka dogo, na kabla ya wakati wake likaanza kugeuka manjano pembeni. Mstari wote ukashtuka. Kila mtu akapita akatikisa kichwa. "Ina kiu." Wakaongeza maji. Jani likazidi kuwa manjano. "Ina kiu sana." Siku ya maji ikifika unaona watu wanaanza na mmea, ndio wajaze mitungi yao.

Asubuhi moja Nesi akatoka, akainama juu ya ndoo, akanusa. Hakunusa kama mtu ananusa maua. Alinusa kama mtu amefungua bandeji.

"Kasuku. Lete gazeti."

Tukaitandaza. Akaingiza mkono mpaka kwa kiwiko, akatoa tope nyeusi, inavutana kama ugali ya watoto, na katikati kiazi. Upande mmoja uko sawa. Upande mwingine aliugusa na kidole, kidole ikaingia ndani, kama parachichi imesahaulika juu ya friji. Alikaa chini pale saruji na nguo yake safi. Mimi nilitafuta mtu wa kuiga nimchekeshe, nikakosa.

Halafu akainuka. Akachemsha kisu. Akanawa mikono mpaka viwiko, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaanza kukata kilichooza, pole pole, anafuta kisu, anakata tena, anatafuta mahali nyeupe. Mama Fardosa amesimama na shela mdomoni analia. Baba Kevo ameshika jivu kwa kijaluba, ameambiwa ashike. Ilipofika nyeupe kabisa kilichobaki ni kama mandazi mtu ameuma mara mbili. Nesi akapaka jivu kwa kidonda, akaiweka juu ya kabati mahali pakavu. "Kidonda mbichi haifunikwi," akasema.

Na Mama Fardosa, machozi bado inamtoka, roho yake nzuri, akauliza: "Nesi, tuimwagie kidogo? Hata kidogo tu, ipoe?"

Nilisikia kichwa yangu inapasuka. Nikangoja Nesi aseme sasa. Sasa atasema.

"Asante, mama," Nesi akasema. "Tutaangalia."

Nilimfuata ndani, nikafunga mlango. "Wewe ni mtu wa aina gani? Umemwambia pasta moyo inakimbia mbele ya kanisa nzima. Mimi umenichomoa chapati mdomoni! Unashindwa kuwaambia hawa watu waache maji? Niwaambie mimi? Mimi nitasema, hata kwa sauti yako."

"Usijaribu."

"Itakufa!"

"Najua itakufa." Akavua saa kifuani, akaifuta, akaibandika tena. "Kasuku, sikiza. Nilipotoka kuzika nilirudi nikaipanda, halafu nikafunga hii mlango. Unakumbuka. Sikuoga, sikupika, sikuangalia hiyo kiazi, wacha ife, mimi pia nife. Na ilikuwa kiangazi, maji inakuja ikitaka. Siku nilifungua mlango nilikuta jani limesimama. Udongo ina unyevu. Hakuna mtu nilikuwa nimemtuma. Mimi maisha yangu yote natuma watu. Meza hii, lala hivi, rudi Jumanne. Hii moja walijituma. Sasa niende nimshike Mama Fardosa mkono nimwambie beseni yake ni sumu?"

Nikatoa mkono kwa kitasa.

"Watu sitabadilisha," akasema. "Nitabadilisha kitanda."

Hapo ndio wazimu wa udongo ulianza. Alikaa akakumbuka msitu wa kwao. Mvua kule inanyesha mchana kutwa, maji kuliko ya mstari wote wetu na mitungi yake, na kiazi haiozi. Kwa nini? Alikumbuka utoto, akiingiza mkono chini ya majani yameanguka. Anakuta baridi, unyevu kama kitambaa kimekamuliwa. Chini yake si tope. Maji imepita, imeacha kiu kidogo. "Si maji ndio inaua," akasema. "Ni maji ikikosa kwa kwenda."

Akapanga mikebe kwa ukuta, ametoboa chini. Huu una udongo mweusi, huu mwekundu, huu mchanga peke yake. Anamwaga kikombe kimoja kwa mkebe, anaangalia saa ya kifuani. Mweusi, maji ilikaa juu inatuangalia. Mwekundu ilishuka vizuri siku ya kwanza, ikikauka ikawa tofali. Mchanga, maji ilipita kama haikuona mtu. "Huyu atakufa njaa," Nesi akasema, akaumwaga.

Mwisho tukaenda nyuma ya kanisa, mahali wafagiaji wametupa majani ya miti tangu kanisa ijengwe. Juu ni makavu. Ukifukua chini imekuwa nyeusi, lakini nyeusi nyepesi, ukiinua mfuko unadhani mtu amekuibia. Ilinuka mvua. Nesi aliishika akaiweka puani akafunga macho, na mimi nikageuka nikaangalia ukuta ya kanisa, kuna vitu si vya kuangaliwa. Tukabeba. Akachanganya na mchanga wa mto, ule mnene wa fundi, si ule unga. Akaenda kwa muuza makaa akaomba vipande vya chini ya gunia. Mbolea ya mbuzi kiganja moja, ile kuukuu imekauka mpaka haina harufu. Ya kuku hakutaka hata kuisikia. Halafu akawa anashika ngumi ya huo mchanganyiko, anakamua, anafungua mkono.

"Ikikaa kama tonge la ugali, hapana. Ikimwagika yote, hapana. Nataka ishikane, halafu nikiigusa na kidole iachane."

Tuliongeza mchanga. Tukaongeza majani. Tukaongeza mchanga. Mgongo yangu ilinisema. Ngumi moja, akaifungua, ikasimama kiganjani. Akaigusa. Ikaachana.

"Kama ndugu zangu," akasema, na akacheka mpaka akashika ukuta.

Ndoo ya rangi alitupa. Akatafuta chungu cha udongo, "ipumue hata ubavuni," na tundu kubwa chini, juu ya tundu vigae, na chungu chenyewe kikasimama juu ya mawe matatu kama sufuria. Kiazi ikawekwa, jeraha limeshakauka, limeangalia juu, ikafunikwa. Ikawa mlangoni pale pale. Karibu na mfereji vile vile. Nikamwambia aiingize basi ndani. "Wataiuliza," akasema.

Siku ya maji ikafika. "Kho, kho, fyuuu." Mimi na Nesi tumesimama nyuma ya pazia, bega kwa bega. Akaja Mama Fardosa: "Bismillahi, habibi." Maji ikaingia. Nesi akashika mkono wangu. Ikatokea chini, kati ya mawe, ikaenda zake kwa mtaro. Akaja Baba Kevo, "Mgonjwa, pole," mtungi mzima. Ikaingia, ikatoka. Wasichana. Watu sijui hata wa mstari gani. Na Nesi anasema pole pole, ananifinya, "Pita. Pita. Pita, mama, pita."

Ilikaa chini siku nyingi. Mvua ilipoanza ilitoa pembe, nyembamba kama sindano ya kushonea magunia, madoadoa na yote. Nesi hakutangaza. Mimi nilitangaza.

Hiyo ni zamani kidogo. Siku hizi Nesi yuko mtaa unaitwa Tena, kwa mwanawe, ghorofa ya tatu. Alienda kwa sababu alianza kunipima mshipa, ananiachilia, tunaongea kidogo, ananipima tena. Siku nyingine aliacha jiko la mafuta likiwaka akaja kwangu kuuliza kama nimesikia harufu. Mwanawe akaja na gari ya kuhamisha. Nesi alipanda mbele, chungu kwa mapaja.

Nilikuwa naogopa kwenda. Nimeenda majuzi. Mkaza mwana akanifungulia, binti mpole, akaniambia kwa sauti ya chini, kama anaongea na nyanya yake, "Leo yuko sawa sawa, shosho. Akili inaenda na kurudi."

Nesi alikuwa kwa balkoni. "Kasuku," akasema, na mimi nikashukuru Mungu palepale. Mkono, mshipa, saa. "Umenenepa." Chungu kilikuwa pembeni mwa balkoni, na jani, nakwambia, jani lilikuwa limefunguka mpaka linamgusa bega. Sijawahi kuliona kubwa hivyo Ziwani.

Tukaongea. Katikati ya maneno akainuka, akaingia jikoni, huko Tena maji iko kwa mfereji saa zote, akarudi na jagi, akaimwagia, akakaa. Tukaongea juu ya Baba Kevo, meno yake. Akainuka. Jagi. Akamwaga. Akakaa. "Ehe, ulikuwa unasema nini kwa Baba Kevo?" Nikaanza tena. Akainuka.

Mkaza mwana alitokeza kichwa mlangoni akaniangalia, mabega yamelegea. Anaenda kusema kitu. Nikamtikisia kichwa. Nikainama kuangalia chini ya chungu. Maji ilikuwa inaingia juu na kutokea chini, imepita, inateremka ukingoni. Huko ghorofa ya pili mwanamke akaanza kupiga kelele juu ya mashuka yake. Na kiazi iko sawa. Kile kitanda alitutengenezea sisi na mabeseni yetu, sasa kinamvumilia yeye.

Nesi akasikia kelele. Akaangalia sakafu, imelowa yote. Akaangalia chungu. Kidevu kikapanda.

"Nani amemwagia hii kiazi?"

Mkaza mwana akafungua mdomo. Mimi nikawahi.

"Ni mimi, Nesi."

"Wewe!" Akasimama, mikono nyuma. "Wewe. Kaa. Nani alikutuma? Nimewaambia mara ngapi?"

Hakuwahi kutuambia. Hata siku moja.

"Nimewaambia, nimewaambia! Mnaniua kiazi! Kila siku mnamwaga, mnamwaga, mnadhani hii ni ng'ombe? Yule Mama Fardosa na beseni yake, habibi, habibi! Baba Kevo na mtungi mzima! Majani ya chai! Nani aliweka supu? Nani?"

"Mimi," nikasema.

"Supu! Kwa mgonjwa! Hii ndio ya mama yangu, mnaelewa? Hakuna nyingine! Mwende mwambiane, kutoka leo, tone moja, sitaki!"

"Ndio, Nesi."

"Rudia."

"Tone moja hautaki."

Nikakaa hapo kwa kiti, miguu imelowa, anasema ananyooshea kidole, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, mpaka wale walihama na wale walikufa. Na kila jina akitaja mimi naitikia. Siku hiyo mimi ndio nilikuwa mstari mzima.